Ukumbi Nilioutaka kwa Mdomo Wangu

Mingoyo, Ijumaa baada ya sala

Mama Somoe, mke wangu,

Assalaam aleikum. Goti lako linaendeleaje? Na nguruwe wa Kipatimu wamekuachia muhogo kidogo, au sasa mnakula nao sahani moja? Mimi mzima, na meno ni yale yale manne. Somoe hajambo kidogo, na hilo kidogo ndilo lililonishikisha kalamu. Nataka ulisikie kwangu kabla watu hawajakuletea.

Msimu wa korosho uliopita alikuja hapa binti wa shirika fulani, ana kishikwambi, anakusanya maoni. Tulikuwa barazani na majirani tunabangua. Akaanza na mambo ya itikadi.

"Mzee, unaamini serikali iwahudumie watu wote sawa, au kila mtu ajitegemee?"

Nikamuuliza kwanza kwao wapi. Kumbe Mngindo wa Liwale, mtani wetu! Sasa mimi nimjibu mtani kwa adabu, niugue?

"Kila mtu abebe ndoo yake," nikamwambia. "Sisi Wamatumbi hatubebi Wangindo."

"Babu wewe, na kaburi lako atachimba nani?" Anacheka, huku kidole kinabonyeza.

Akauliza tena. Shirika lina fedha ya jambo moja tu: tunataka bomba la maji au ukumbi wa mikutano?

"Ukumbi! Nikikuoa tutachezea wapi ngoma?"

Ningeishia hapo ningekuwa mpumbavu peke yangu. Lakini Mzee Hamisi, jirani yetu, alipoulizwa alinitazama, akasema, "Kama alivyosema mwenzangu." Wa tatu naye ukumbi. Mama mmoja akanong'ona kwamba huyu mzee lazima ana habari za ndani. Nami nikanyamaza, Mungu anisamehe. Nilipenda kuonekana najua. Wa kusema "bomba" alikuwa Somoe peke yake.

Mwenyekiti wetu alipokuja kusoma majibu mkutanoni, ikawa wananchi wa hapa wametaka ukumbi, tena wanaamini kila mtu ajitegemee. Wakapiga makofi wale wale wenye kiu. Nikasimama nikasema jamani, ule ulikuwa utani.

"Mzee, humu kwenye karatasi hakuna utani," akasema. "Kuna wengi na wachache. Kaa."

Ukumbi umesimama, bati jekundu, mbuzi wanalala humo. Maji yako kule kule bondeni. Jumatatu Somoe aliteleza na ndoo kichwani, na mimba yake ya miezi saba. Nesi kasema alale, asiinuke. Mtoto anacheza bado, ila kwa uchovu. Nilikuahidi nitamwangalia mwanao mpaka mumewe arudi kutoka machimboni. Nilikuja huku kwa hilo tu.

Hanigombezi. Angenitukana ningejua la kumjibu. Nikimpelekea uji anasema tu, "Weka hapo, baba."

Maji sasa nachota mimi, safari mbili asubuhi, na kila kituo napumzika kama bibi harusi. Wanawake kisimani wanapiga kelele, "Mpisheni Bwana Ukumbi! Leo hakuna kikao?" Nacheka nao. Nikigeuka na ndoo yangu kupanda kilima, kicheko kinabaki kule kule chini.

Jana nikakaa kitandani kwake, nikamuuliza bila mzaha anataka nini. Akageukia ukutani.

"Namtaka mama."

Goti lako nalijua, na barabara ya huko naijua ilivyo. Hata hivyo panda lori lolote litakaloshuka, uje. Usinisubiri nikuambie mara ya pili, maana hapa sitanii.

Nisalimie dada yangu mfinyanzi, na shemeji mwalimu wa madrasa, mwambie amwombee dua mtoto wa Somoe. Na mimi aniombee, kama ikibaki.

Ni mimi mumeo, ninayekungoja barabarani,
Baba Somoe