Maelezo ya Shahidi Kuhusu Muuguzi Anayedaiwa Kumficha Mume Hali ya Mkewe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limewekwa kwenye bahasha iliyofungwa, kwa ombi lake
Umri: miaka 22
Elimu: ya msingi
Kazi: kupiga pasi sare za shule kwa fundi cherehani
Makazi: chumba cha uani, nyuma ya karakana ya makochi ya mumewe
Yamechukuliwa: tarehe 19 mwezi wa sita, saa 4:10 asubuhi

Nimeonywa niseme kweli tupu, nimekubali. Nimekuja na mtoto wangu wa kike, ana miezi minne. Akilia naomba radhi.

Mimi ni mke wa fundi makochi, ambaye ndiye aliyeleta malalamiko. Anasema muuguzi wa kliniki ya wajawazito, tunayemwita Dada Taratibu, alijua nina virusi vya Ukimwi akamficha yeye mume, na kwamba ndiye aliyenifundisha kuficha. Muuguzi amesimamishwa kazi tangu juzi. Nimeelezwa kwamba maneno yangu yanaweza kumrudisha kazini au kumpeleka mahakamani.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa kumi mwaka jana, saa tatu asubuhi, nikiwa na mimba ya miezi mitano, Dada Taratibu alinipima damu. Majibu yalipotoka alifunga mlango, akaniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Taratibu, mdogo wangu. Ukimeza dawa kila siku, huyu aliye tumboni anaweza kutoka salama." Nikamuuliza, "Utamwambia mume wangu?" Akasema, "Mdomo wangu umefungwa mpaka wewe uufungue. Lakini naye anahitaji kupimwa. Mlete." Akaniandikia barua ya kumwita baba wa mtoto. Alisema mume wangu akija atatupima wote wawili kwa pamoja, kama vile sijawahi kupimwa, majibu tuyasikie pamoja, nisibebe lawama peke yangu.

Barua nilimpa mume wangu siku hiyohiyo saa kumi na mbili jioni. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Mimi naumwa wapi? Wakapimwe wanaokohoa." Ya pili nilimpa mwezi wa kumi na mbili, akasema ana makochi ya harusi yanamsubiri. Ya tatu hakuifungua. Aliuliza tu kama ni ileile.

Hapa naomba afande aandike vizuri kwa sababu kosa ni langu. Niliona aibu kusema kwamba mume wangu anakataa. Kila Dada Taratibu alipomuulizia, nilimwambia mume wangu yuko safarini. Mara ya tatu akaniuliza, "Huyo mumeo ni rubani?" Tulicheka wote wawili, na mimi nikaendelea kudanganya.

Vidonge nilivihamishia kwenye kopo tupu lisilo na maandishi, juu nikakandamiza pamba visigongane. Akina mama wengi pale kliniki tunafanya hivyo. Chupa ikitikisika ndani ya mkoba, inakusema yenyewe.

Jumamosi tarehe 13 mwezi huu, saa mbili na nusu asubuhi, nilikuwa uani naanika nguo za mtoto. Mume wangu alikuwa anatafuta mkasi kabatini. Niliporudi ndani nilimkuta ameketi kitandani, pamba iko magotini, kidonge kimoja kiganjani. Hakuuliza ni kitu gani. Alisema, "Hiki ni cha siku hizi. Kile cha zamani ndicho kilikuwa kinaleta ndoto mbaya." Akanyamaza kama aliyejing'ata ulimi. Ndipo akaanza kufoka, "Tangu lini unanifanya mjinga?"

Maneno ya ndoto sikuyashika siku ile. Nilichowaza ni kwamba Taratibu amenisaliti, maana vinginevyo mume wangu angejuaje? Nikamshuku na karani wa mafaili wa kliniki. Nikamshuku hata mama mkwe, kwa sababu alikuwa ameanza kuniuliza mbona kliniki yangu haiishi.

Jumatatu tarehe 15, saa tano asubuhi, nilimfuata Dada Taratibu kliniki. Nilimwambia, "Dada, umenitangaza kwa mume wangu."

Akasema, "Mumeo katoka hapa saa mbili, kaja kunifokea kwamba sikumwambia. Sasa nyie kubalianeni kwanza, nimesema au sijasema?"

Nikamuuliza, "Na yeye yumo humo kwenye vitabu vyenu?"

Alifunga daftari, akaliwekea mkono juu. Akasema, "Hilo usiniulize. Lako sikumpa yeye, na la mtu mwingine yeyote sikupi wewe."

"Hata wakikufukuza?"

"Hata wakinifukuza."

Simaanishi kwamba hilo lilikuwa jibu la ndiyo. Nadhani angenijibu hivyo hata ningemuulizia mtu asiyemjua.

Nikiwa njiani kurudi ndipo nikakumbuka habari ya ndoto. Mimi niliisikia kwa akina mama waliotumia dawa zamani, tukiwa kwenye benchi. Mume wangu hajawahi kukaa kwenye benchi lile. Aliisikia wapi, sijui. Pia kila baada ya miezi mitatu, muda ambao waliozoea dawa huongezewa nyingine, huaga kwamba anakwenda kununua sponji, na mara mbili amerudi mikono mitupu. Dawa yake sijaiona kwa macho, kwa hiyo sisemi anameza. Nasema niliyoyasikia na niliyoyaona.

Jana saa kumi alasiri mume wangu aliniambia, "Kesho kaseme muuguzi ndiye alikwambia unifiche. Ukisema hivyo nimekusamehe, tunaanza upya." Mama mkwe alikuwepo. Akasema, "Mwanangu, yule ana vyeti, atajitetea. Wewe una nini zaidi ya huyu mtoto?" Niliendelea kunyonyesha.

Kuanza upya nataka, sana. Kipimo cha kwanza cha mtoto kilitoka safi, na siku ile Dada Taratibu ndiye aliyetoa machozi mengi kuliko mimi. Lakini hakuniambia nifiche. Mara tatu aliniambia nimlete mume wangu. Aliyeficha ni mimi, na kama kuna mwingine aliyeficha, si muuguzi.

Mume wangu simchukii. Kama na yeye anameza, angeniambia tu, tukaweka makopo mawili kwenye kabati moja.

Ninaishia hapo. Nimesomewa yote polepole, ni maneno yangu, hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maandishi ya ofisa: Maelezo haya nimeyachukua mimi, koplo wa kike, katika chumba cha faragha. Nilimweleza shahidi kwamba mlalamikaji anaweza kuja kusomewa sehemu ambayo shahidi anakiri kumdanganya muuguzi. Amesema ibaki. Saa 5:40 mlalamikaji, aliyekuwa akisubiri kaunta, ameulizwa swali moja: alikitambuaje kidonge kilichokuwa kwenye kopo lisilo na jina. Badala ya kujibu ameuliza, malalamiko yakifutwa, jalada linasomwa na nani.