Puli Ndogo kwa Mlima wa Mama Yako

Nyumba ya nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumamosi, baada ya kufunga kazi.

Mpendwa mpwa wangu, Bi Mbio,

Habari za huko uliko? Kile kifua cha baridi kimekuachia? Nakutaja kila nikipiga magoti. Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu. Mkazamjomba wako analalamika jino, lakini mdomo haujapunguza kazi.

Mzigo wako ulifika salama, mkanda na puli zake, yale magurudumu unamozungukia. Ahsante sana, mwanangu. Ile cheni ya pikipiki ya marehemu baba yako, inayotoka kwenye injini kwenda kwenye klachi, ilikuwa imelegea hadi inagonga kava kama mtu anayebisha hodi. Nimeitoa, nikaweka mkanda mahali pake. Mkanda hautaki mafuta hata tone, basi nimebadilisha sili inayozuia mafuta yasivuje na kufuta kila kona mpaka pakakauka.

Nilifunga ile puli kubwa kwenye injini kama ulivyoagiza. Mwanzoni niliukaza mkanda kama wa mashine ya kusaga. Weee! Injini ilipochemka puli zikatanuka, mkanda ukalia kama mbuzi aliyefungwa vibaya. Nikaulegeza, ukanyamaza. Kwenye tambarare hukukosea hata kidogo, inakwenda kwa raha na injini haihangaiki. Nikasema moyoni, huyu mtoto kachukua akili za baba yake.

Lakini tangu magoti yamgomee, mama yako hajaupanda mlima wa kwenda ibadani. Anaomba peke yake sebuleni. Halisemi sana jambo hilo, ila siku ya ibada chakula hakimshuki. Ndiyo sababu nahangaika na chombo hiki.

Basi wiki iliyopita nikampakia. Kufika kwenye kona ya bucha, gia ya kwanza ikashindwa. Nikabembeleza klachi mpaka ikanuka moto, injini ikazimika. Mama yako akashuka taratibu, akajifunga kitambaa chake upya, akaniuliza, "Kaka, hii pikipiki inanibeba au inanisindikiza?" Wale wa bucha walicheka hadi wakaweka visu chini. Mimi pia nilicheka. Ila nilipomwona anarudi nyumbani akishikilia kuta, kicheko kikaniisha.

Fundi Kipara, yule jirani yangu wa karakana, akaniazima puli ndogo. Jambo lenyewe ni jepesi: puli ya injini ikiwa ndogo, injini inazunguka mara nyingi zaidi kabla tairi halijamaliza mzunguko wake. Nguvu inaongezeka, mbio zinapungua. Nikasogeza giaboksi nyuma kidogo ili mkanda ukae sawa. Jana nimepanda mlima na gunia la mahindi, zito kuliko mama yako (usimwambie). Nikasimama makusudi pale pale kwenye kona, nikaondoka tena kama sijasimama.

Sikufichi kitu. Kwa puli hii ndogo, kwenye ile safari ndefu uliyopanga na wenzako ukija likizo, utapitwa. Injini italia mapema, nao watakusubiri mbele huku wanakutania.

Mimi sina wasiwasi hata chembe, puli ndogo ndiyo yenyewe. Lakini pikipiki baba yako alikuachia wewe, hakuniachia mimi. Fundi Kipara yuko tayari kubadilishana, ndogo yake kwa kubwa yako. Kubwa ana mteja wake anayeihitaji, na ikishaondoka hairudi. Mama yako sijamwambia lolote, ila naona viatu vyake vya ibada vimepakwa rangi, viko mlangoni.

Msalimie mumeo, na wale mapacha wabusu kwa niaba ya babu yao. Mkazamjomba wako anakusalimu, mama yako naye anakuombea. Mungu akufunike huko ugenini, akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Naomba unijibu upesi, mwanangu: nibadilishe au nisibadilishe?

Mjomba wako akupendaye.