Saini ya Babu na Fomu ya Samaki

Kwa Bibi Verna wa ukurasa wa tisa,

Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili, na hii ya tatu naituma kabla sijaisoma tena, kwa hiyo unisamehe ikiwa ndefu. Nina miaka kumi na sita. Sina shauri la mapenzi kama wengi wanaokuandikia. Langu linamhusu babu yangu, mheshimiwa mbunge wetu, na samaki mmoja ambaye hakuna aliyemwona.

Tangu Septemba najitolea kila Jumamosi katika ofisi ya Mheshimiwa Lorna Kubiak, ile iliyo nyuma ya duka la misumari na rangi, anapoketi kusikiliza watu akirudi kutoka Washington. Kazi yangu ni kuchemsha kahawa, kufungua barua na kuwasaidia wazee kujaza fomu. Nimeona mjane akipata jiwe la kijeshi kwa kaburi la mumewe baada ya kulingoja miaka miwili, na nimeona mfugaji wa ng'ombe akipiga meza kwa ghadhabu ya mtaro uliozibuliwa upande wa jirani tu, na Mheshimiwa akamwacha apige mpaka achoke, kisha akamsogezea donati na kumwambia, "Haya mzee wangu, sasa tuanze upya." Askari wa zamani ndio anaowapa kiti cha kwanza, hata wakija wa mwisho.

Siku yangu ya kwanza Bi. Tamsin, katibu wake, alinionyesha fomu ya idhini. Alisema, "Ofisi hii haiulizi jambo la mtu serikalini mpaka mwenyewe atie saini hapa. Hata akiwa mama yako mzazi. Saini hii ni mlango wa mtu, na mlango wa mtu haufunguliwi na mwingine. Tumeelewana?" Nikajibu tumeelewana, na nilijibu kwa moyo wangu wote.

Sasa babu. Ana miaka sabini na saba, ananiita "kibinti", na anaishi na mimi na Mama. Sikio lake la kushoto limekufa. Husema liliuawa na msumeno wa kukatia miti. Jeshini, husema, alikuwa mpishi, alimenya viazi Vietnam nzima akarudi nyumbani. Mimi napiga fidla, na tangu nikiwa na miaka minane nasimama upande wake wa kulia nikipiga, lakini sasa hata upande huo umeanza kufifia, maana Krismasi iliyopita nilimaliza wimbo mzima na yeye akaniuliza kwa upole nitaanza lini.

Januari alinituma nikamletee ndoano katika sanduku lake la uvuvi, na chini ya trei ya chambo nikakuta barua ya kapteni wake. Babu hakumenya viazi. Lori lililipuka barabarani, na yeye, sikio likivuja damu, alirudi ndani ya moto mara tatu akatoa watu watatu, na kapteni aliandika kwamba amependekeza apewe nishani. Nishani haikufika kamwe. Nilipomuuliza Mama, aliniambia, "Achana nayo, mwanangu. Nami nilimuuliza nilipokuwa na umri wako, akatoka nje akapasua kuni za msimu mzima."

Lakini sikuachana nayo, Bibi Verna, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa macho yangu Mheshimiwa akizitafuta nishani za watu na kuzipata, na nilijua kwamba mlipuko ule ukithibitishwa kwenye kumbukumbu za jeshi, hospitali ya askari wa zamani itamtazama masikio na kumpa vifaa vya kusikia. Ilihitajika saini tu. Na babu hampendi Mheshimiwa. Kila Jumatatu humwandikia kwa herufi kubwa kuhusu gati la mashua, lenye shimo linalomeza magurudumu ya trela, na humwita "Mheshimiwa Shimo". Amejibiwa mara nyingi kwamba gati ni la kaunti, naye hujibu, "Basi mpigie simu mwenye kaunti, si una simu?" Barua zake Mheshimiwa amezibandika ukutani ofisini, na siku zikiwa nzito husimama akasoma moja.

Februari ikaja, na shindano la kuvua samaki kwa kutoboa tundu kwenye barafu ya ziwa. Kila mwaka babu hutia saini fomu ya shindano bila kuisoma wala kuvaa miwani, kwa kuwa anasema anaijua tangu ilipokuwa inaandikwa kwa mkono. Nikaiweka fomu ya idhini chini yake, nimeikunja ubaki mstari wa saini tu.

"Mwaka huu zimekuwa mbili?" akauliza.

"Kamati imeongeza ukurasa wa usalama, babu."

"Siku hizi wanaogopa hata barafu. Mwakani watatuvisha kofia ngumu tukinywa kahawa. Hebu niletee kahawa hiyo kabla hawajaipiga marufuku."

Nikaenda kumwekea kahawa, na niliporudi zote mbili zilikuwa na saini. Jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa nilikuwa nimejaza mimi, isipokuwa namba ya jeshi, ambayo sikuijua nikaiacha wazi. Sikuikunjua tena, niliona aibu kuitazama. Jumamosi Bi. Tamsin aliipitia kwa kalamu akaniambia, "Hongera, hakuna pengo hata moja. Wengine hunisumbua mwezi mzima kwa namba tu." Nikafurahi kusifiwa, mjinga mimi.

Kwenye shindano babu alivua paiki, yule samaki mrefu mwenye meno, wa inchi arobaini na nne, kwa maneno yake, lakini alipogeuka kutafuta rula samaki akapiga mkia akarudi tundu lile lile alilotokea. Mzee Gunnar, mwenzake katika kibanda cha kuvulia juu ya barafu, alikuwa amelala. Tangu hapo wanabishana kwa kinyozi kila wiki. "Juzi alikuwa arobaini na moja," Mzee Gunnar humwambia. "Huyo samaki anakulia mdomoni mwako, Arvid." Na babu humjibu, "Wewe ulikuwa unakoroma mpaka barafu ikapasuka. Nani alimtisha kama si wewe?"

Wiki iliyopita jibu la jeshi likafika. Mheshimiwa aliniita mwenyewe, macho yamemlowa, akanifungulia kisanduku. Nishani ile ile. Akasema atamvika Ijumaa ya wiki ijayo katika ukumbi wa askari wa zamani, kwenye chakula cha samaki wa kukaanga, mbele ya watu wote.

"Babu yako anajua?"

"Anajua kuna kitu, Mheshimiwa."

"Atanifokea kuhusu gati?"

"Atakufokea."

"Vizuri. Asipofoka nitadhani wameniletea mzee mwingine."

Kisha babu akataka kujua kwa nini ukumbini wamemwekea meza ya mbele, nami nikamwambia kwamba kamati imeamua kumheshimu kwa ajili ya yule paiki. Akauliza, "Samaki ambaye hawakumpima?" Nikasema, "Wameamua kukuamini, babu." Akasema, "Haya," akatoka. Sasa ameshautangazia mtaa mzima, amekata nywele, ameandika hotuba ya samaki ya kurasa mbili, na jana nilimkuta barazani aking'arisha viatu vyake vya jeshi vilivyokaa darini miaka yote, ili apokee tuzo ya samaki, Bibi Verna, nikaingia bafuni nikafungua maji ili nisisikike.

Nikimwambia ukweli atakataa, na hatapata nishani wala masikio, wala hataniamini tena. Nisipomwambia, atasimama na hotuba yake ya paiki na kuvikwa mbele ya mji mzima jambo alilolificha zaidi ya miaka hamsini. Mimi nilitaka anisikie tu. Nifanye nini?

Mjukuu wa Mvuvi

BIBI VERNA ANAJIBU

Mjukuu,

Umeficha jina lako vizuri sana, kisha ukamtaja Arvid, Gunnar, gati na paiki. Mji huu una mzee mmoja tu wa namna hiyo, na namshukuru Mungu kwamba ni mmoja.

Nianze na fimbo, maana unaingoja. Ulikosa. Usilipambe kosa kwa fidla wala kwa machozi ya bafuni. Ulionyeshwa mlango wa mtu, ukaambiwa haufunguliwi na mwingine, ukaufungua kwa karatasi iliyokunjwa. Kila mwenye nia njema akifanya hivyo, wale wazee wanaopewa kiti cha kwanza watabaki na kiti tu, kwa sababu hakuna atakayethubutu kutia saini kitu katika ofisi hiyo. Mheshimiwa Kubiak hana mali nyingine kwetu ila kuaminiwa. Kura nazo hutoka hapo.

Fimbo imekwisha. Sasa vuta kiti, turudi kwenye ile namba.

Fomu ilitoka mikononi mwako ina pengo. Ilifika kwa Bi. Tamsin haina pengo. Wewe namba huijui, na Bi. Tamsin aliikuta imeshaandikwa. Mwanangu, wewe ni mtoto uliyefundishwa vizuri, lakini hesabu hii hata kuku wangu wangeifanya wakapata muda wa kutaga. Marehemu mume wangu alisahau siku ya ndoa yetu mara kumi na moja, na namba yake ya jeshi aliitaja bila kukosea mpaka wiki aliyofariki. Ulikwenda kuweka kahawa. Tena ni nani aliyekutuma? Ukamwacha mzee mwenye miwani mfukoni na karatasi mbili mbele yake, mzee anayemwandikia mbunge kila Jumatatu na kuzikosoa koma za majibu yake. Akaikunjua, akaisoma, akajaza kile usichokijua, akaikunja ulivyoikunja. Na fomu ya samaki, mpenzi wangu, haiulizi namba ya jeshi.

Nimeishi kando ya ziwa hili miaka sabini na mbili. Sijaona mvuvi akimng'arishia paiki viatu vya jeshi.

Babu yako anajua. Kuomba alishindwa, wewe ukamchongea kijilango cha nyuma, naye akaingia kinyumenyume ili asionekane anaingia. Ndivyo walivyo. Mzee atamsimulia kila mtu samaki ambaye hakuna aliyemwona, lakini wale watu watatu waliomwona yeye ndani ya moto hatawataja kwa yeyote.

Usianze kurukaruka. Yeye kukuzidi ujanja hakufuti ujanja wako. Na kujaza namba gizani si sawa na kusema ndiyo mbele ya watu mia mbili wenye samaki wa kukaanga vinywani. Huenda alitaka masikio na nishani akaiogopa. Huenda alitaka nishani lakini hataki ukumbi. Wewe hujui, mimi sijui, na Mheshimiwa hajui. Anayejua yuko barazani kwenu na kopo la rangi ya viatu.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya chakula cha jioni, chukua fomu mpya isiyokunjwa, na miwani yake uiweke juu. Kaa upande wa kulia. Sema ulichofanya kwa maneno machache na usimwambie kwa nini mpaka akuulize. Kisha muulize yeye anatakaje: avikwe ukumbini, avikwe pale gatini kando ya shimo lake akiwa na wewe, mama yako na Mheshimiwa tu, au kisanduku kikafichwe chini ya chambo pamoja na ile barua. Lolote atakalosema, ndilo litakalokuwa. Hata likikuvunja moyo.

Kesho asubuhi usingoje Jumamosi, mpigie simu Bi. Tamsin na umweleze yote, pamoja na ukurasa wa usalama. Atakuondoa kwenye fomu na kukuacha na kahawa. Kubali. Kahawa nayo ni utumishi, na wananchi wengi wametulizwa na kahawa nzuri kuliko na sheria nzuri. Babu akitia saini mpya, muulize kama anataka miadi ya masikio, na akikubali mpigieni daktari wote wawili, simu ikiwa kwake. Fidla usiitaje. Siku akisikia vizuri ataitaja mwenyewe, pengine kwa kulalamika.

Hotuba ya paiki asinyang'anywe. Kurasa mbili azisome zote, na Gunnar akae mbele.

Fanya haraka, kwa sababu gazeti hili huingia kwenye masanduku ya barua Jumatano saa nne, Ijumaa ni keshokutwa, na safu yangu iko nyuma ya ukurasa wa hali ya hewa. Akiugeuza tu, umekwisha.

Na wewe, mzee usiyesoma safu hii: najua umeshamaliza hali ya hewa. Mtoto anakuja sasa hivi na karatasi mkononi. Mwache ahangaike kidogo, amestahili. Kisha mgeuzie sikio zima, na akinyamaza mweleze yote, hata ukitaka kuanza na samaki. Arobaini na nne nimekubali. Siongezi hata nusu inchi.

Bibi Verna