Kinga Yangu Iko kwa Fundi

Jumatatu, tarehe 6

Ndagala zangu, samaki wadogo wa ziwa, zimeisha mapema. Zilikuwa kavu, hazina mchanga. Nilikuwa narudi kutoka soko, beseni tupu mapajani, nakazana na mikono kwa sababu mawingu yalishaanza kushuka mlimani. Karibu na daraja la Mulongwe, shimo. Chuma kikalia. Shingo ya kinga imekatika.

Kinga yangu, baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuendesha kwa mikono, bila shingo ni chuma tu. Na mimi bila kinga ni mtu wa kukaa. Polio ilichukua miguu yangu nikiwa mtoto mdogo.

Wanaume wawili wamenibeba hadi nyumbani. Mmoja ananuka pombe. Nimechukia.

Jumanne, tarehe 7

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa ninayekaa naye, amemwomba jirani, wakaikokota kinga hadi kwa Fundi Bahati. Sudere wa Kavimvira, anayechomelea milango na madirisha. Wanasema ni hodari. Ametazama, amesema kazi ndogo, Alhamisi iko tayari.

Vizuri. Nimeosha beseni.

Alhamisi, tarehe 9

Haiko tayari. Umeme umekatika, anasema. Sawa, hata kwetu umekatika.

Yaya ameenda kuniuzia ndagala. Amerudi na nusu, zimelowa mvua. Nimemkaripia. Si kosa lake. Hajui kubishana na wateja, ni mtu wa shamba.

Ijumaa, tarehe 10

Umeme umerudi tangu asubuhi. Nimempigia. "Kesho tu, Mama. Kesho utaikamata."

Jumamosi, tarehe 11

Sasa ni msiba. Fundi amekwenda Sange kuzika. Nimemwombea marehemu. Nimemkasirikia pia, marehemu. Mungu anisamehe.

Jumapili, tarehe 12

Yaya alitaka kunibeba mgongoni hadi kanisani. Mgongo wenyewe unamuuma. Nimekataa. Nimekaa mlangoni, nikasikiliza nyimbo kwa mbali.

Kila anayepita: "Mama Riziki, unagonjwa?" Sigonjwi. Kinga yangu iko kwa fundi. Nimesema hivyo hadi mdomo umechoka.

Jumatano, tarehe 15

Simu yake imezimwa. Mwongo.

Alhamisi, tarehe 16

Amani, motari wa jirani, amesimamisha pikipiki mbele ya nyumba. Anasema ameona magurudumu yangu ya nyuma. Yako kwenye mkokoteni wa mtu anayeuza maji.

Nilifikiri anatania. Nikamuuliza ni magurudumu gani. Yenye utepe mwekundu, anasema. Utepe huo niliufunga mwenyewe, Krismasi.

Siwezi kuandika zaidi. 

Ijumaa, tarehe 17

Leo nimekwenda mwenyewe. Amani na Yaya wamenipandisha kwenye pikipiki, wakanifunga na kitenge kwenye mgongo wa Amani kama mtoto. Watu wameangalia. Waangalie.

Kinga yangu ilikuwa nyuma ya karakana, imelalia ubavu, bila magurudumu ya nyuma, kuku juu yake. Fundi Bahati alikuwa anachomelea geti la watu. Kijana mnene, mpole wa sura. Aliponiona akavua ile miwani yake nyeusi, akachekacheka.

"Mama, nisamehe. Mutu wa maji alikuwa na shida, nilimukopesha kidogo tu. Minye nilifikiria weye unabakia tu ku nyumba. Haraka iko ya nini?"

Haraka iko ya nini! Nimesikia damu ikipanda hadi masikioni.

"Weye uko na miguu," nikamwambia. "Minye iko na ile kinga. Mutu akikata miguu yako, akaipeleka ku kazi yake, utamuambia nini?"

 Fundi akanyoosha mkono achukue miwani aliyoweka kwenye benchi. Nilikuwa nimekalishwa karibu. Niliichukua kwanza, nikaiweka chini ya matako yangu, nikaikalia. Ndiyo, nimefanya hivyo. Mtu mzima.

Mwenye geti, mzee mmoja wa suti, akaanza kulalamika. "Mama, unatuchelewesha."

"Baba, ikala chini, ungojee. Minye nimeikala ku nyumba tangu wiki ingine."

Watu wa barabarani wakacheka. Mimi sikucheka. Niliogopa ningelia, na sikutaka kulia mbele ya kijana yule.

Fundi akaondoka kwa miguu. Nikajua amekimbia. Yaya, aliyetufuata kwa miguu, akasema twende. Nikakataa. Jua likawa kali, kiu ikanishika. Akarudi akiviringisha magurudumu yangu, moja kila mkono, jasho linamtoka. Nyuma yake mtu wa maji anatukana. Hapo ndipo nikampa miwani.

Amechomelea shingo, akarudisha magurudumu. Nimefumba macho kwa ule mwanga, nimesikia tu chuma kikilia. Alipomaliza nikapitisha kidole. Mshono una vinundu, mbaya, kama kovu la mtu aliyeshonwa vibaya. Lakini umeshika. Nimeutingisha kwa nguvu zangu zote.

Hakuomba msamaha tena. Sikumshukuru. Nimerudi nyumbani kwa mikono yangu, Yaya akitembea kando.

Jumamosi, tarehe 18

Soko. Mahali pangu kuna mwanamke mwingine, wa nyanya. Amesogea, si sana. Kinga inavuta kushoto. Sitairudisha kwa fundi yule.

Jumapili, tarehe 19

Misa imekwisha. Yaya amerudi kupika. Nimemwambia nakuja.

Sikwenda nyumbani. Nimechukua barabara ya Makobola, polepole, hadi nyumba zikaanza kuachana. Upande mmoja mlima, upande mwingine ziwa. Mkono wa kulia unauma kwa kuzuia kinga isiende mtaroni. Nimesimama mahali wanapoanika nyavu. Hapakuwa na mtu. Upepo kidogo.

Nimekaa. Hakuna aliyejua niko wapi.

Nimerudi saa niliyotaka.