Mwaka wa Pili Mama Yuko Mashambani

Mshauri Ndete, nimechoka na uongo wetu wenyewe ndio maana nakuandikia. Mama yetu alifariki mwaka juzi tukamzika Murang'a, lakini hii nyumba ya kaunti tunayoishi hapa Ziwani iko kwa jina lake, na mtaani kila mtu anasema mpangaji akifa nyumba inapewa mwingine, basi kaka yangu Kinyanjui akatukataza kuchukua cheti cha kifo, kitambulisho cha mama akakificha akasema kimepotea, na tangu siku hiyo afisa wa nyumba akibisha tunamwambia mama ameenda mashambani, mara anavuna maharagwe, mara anauguza goti. Hata ibada ya kumbukumbu hatujafanya, tunaogopa majirani watapiga picha.

Sasa ofisi inahakiki wapangaji na imetupa siku kumi na nne, mama afike mwenyewe na kitambulisho. Kinyanjui ameamua anti Triza, mdogo wake mama, aende ajifanye mama kwa sababu wanafanana, na wiki nzima amemkalisha mezani afanye mazoezi ya sahihi ya mama. Jana anti aliweka kalamu chini akalia, akaniambia, "Kui, mimi nilimzika dadangu. Mnataka niitikie jina lake?" Kinyanjui akamwambia asilete drama. Nina watoto watatu na sina pengine pa kwenda, nikikubali roho inanisuta, nikikataa nitaambiwa nimewafukuzisha wote. Nifanyeje?

Kui, Ziwani

Kui, pole kwa kufiwa, na kama pole hii imechelewa ni kwa sababu mlimnyima kila mtu nafasi ya kuwapa. Sasa acha nikugombeze. Maharagwe gani yanavunwa miaka miwili? Afisa huyo si mtoto. Mlipoteza muda wote huo mkitunga safari za marehemu, na makaratasi ambayo yangewatetea mkayakimbia wenyewe.

Anti asiende. Kujifanya mtu mwingine mbele ya ofisi ya serikali ni kosa la jinai, na atakayepelekwa kortini ni huyo mama wa watu, si Kinyanjui anayetoa amri akiwa kitini. Mwambie anti leo kwamba mzigo huo ameondolewa, na umwombe msamaha.

Kesho tafuta kibali cha mazishi. Najua kipo, kama si ndani ya Biblia basi chini ya godoro. Kipeleke kwa msajili wa vifo pamoja na kile kitambulisho, Kinyanjui akitoe alikokificha, useme ukweli kwamba mlikificha, uombe cheti cha kifo. Kisha nenda kwa chifu akuandikie barua inayotaja watoto wote wa marehemu, hata kama kuna mliyekosana naye. Siku kumi na nne zisiishe kabla hujafika ofisi ya nyumba na ombi la maandishi la kubadilisha jina la mpangaji. Cheti kikiwa hakijatoka, beba risiti ya maombi. Siwezi kukuahidi kwamba watakubali. Ninachojua ni kwamba ukinaswa na mama wa bandia, hakuna atakayekusikiliza tena.

Na afisa akiuliza mama yuko wapi, usimwache Kinyanjui ajibu. Jibu wewe, useme alifariki. Machozi yakikushinda hapo kaunta, lia. Una kilio cha miaka miwili.