Kuoga si Kuogelea

Kaka Hamadi,

Mwalimu wetu wa darasa la nne alitufundisha kwamba barua inaanza kwa kumjulia hali unayemwandikia, ndipo unaeleza ya kwako. Hali yako nitamuuliza nani? Namwachia aliyekuchukua. Yangu ni hii: tangu Jumatatu chakula nakiacha sahanini, juu ya kabati la vyombo kuna karatasi inayotaka saini yangu, na Mama ameshaniuliza mara mbili kama naumwa. Nimemwambia ni kichwa tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusingizia kichwa.

Karatasi yenyewe unaijua. Ni orodha ya wanaojitolea kulinda waogaji ufukweni, safari hii watu tisa, na chini kuna mstari unaosema: nathibitisha waliotajwa hapo juu wamefuzu. Halafu jina la katibu. Katibu bado ni mie. Idd ni wiki ijayo, na unajua mwenyewe Idd pili watu wanavyoshuka huku Kimbiji, utadhani Manzese na Temeke wamehama. Mwenyekiti wetu, Mzee Ngonyani, anaitaka karatasi kesho ili fulana za njano zigawiwe.

Kikundi kilipoanza, fomu ya kujiunga niliitunga mie, kwa kuwa nimefika kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Niliandika jina, umri, mtaa, halafu: "Unaoga baharini kwa miaka mingapi?" Kaka, kwetu nani alikuwa anasema anaogelea? Hilo ni neno la shuleni na la redioni. Sie tunakwenda kuoga pwani. Anayekata mawimbi hadi kwenye mwamba anaoga, na bibi aliyekaa majini na kanga yake hadi kiunoni naye anaoga. Basi fomu zikarudi zimejaa raha tupu, huyu miaka kumi na tano, yule ishirini na mbili. Yako uliileta jikoni, ukaniambia nikujazie kwa sababu mikono yako ina mafuta ya mihogo. Nikaacha mbuzi ya nazi, nikashika kalamu. Ukasema niandike tangu uzaliwe. Nikaandika miaka ishirini na tisa, tukacheka wote wawili.

Tulichokuwa tunakicheka tulikijua sisi tu. Ulikuwa na miaka kumi na mbili, mie tisa, na watoto wenzetu walikuwa wanashindana kwenda kwenye lile jiwe kubwa. Ulikwenda kichwa juu, mikono inapiga maji kwa madaha, watu wanakushangilia. Mie nilikuwa nimezama natafuta makombe, nikafumbua macho chini ya maji, nikaona miguu yako. Ilikuwa inatembea mchangani. Mikono inaogelea, miguu inatembea! Nilipoibuka ukajua nimeona. Jioni ukanipa andazi lako zima, na ulafi wako ule, ukaniambia, "Zuhura, usinitangaze."

Sikukutangaza. Andazi lile lilikuwa tamu, na wewe ulikuwa kaka yangu.

Halafu mafunzo, unayakumbuka? Siku mbili. Mkufunzi alitoka mjini, mtu mpole, ana kipaza sauti na picha zake za kubandika. Siku ya kwanza tulikandamiza kifua cha mto uliojazwa makumbi, tukihesabu kwa sauti. Siku ya pili ilikuwa ya majini, saa nne asubuhi, na zilikuwa siku za bamvua. Kila mtoto wa Kimbiji anajua bamvua saa nne maji yamekupwa, mwamba wote uko nje. Tulijua tangu ratiba iliposomwa. Hakuna aliyefungua mdomo, eti mgeni asiaibike. Kwa hiyo tukaokoana kwenye maji ya magotini. Ulijilaza, Mwanaidi, mwenzetu wa kikundi, akakuburuta kwa kwapa, wewe unapiga kelele kuwa mchanga unaingia kwenye suruali. Tulicheka hadi machozi. Mchana tukala pilau, tukapewa vyeti, nami nikasaini kuwa wote mmefuzu.

Fulana ilikupendeza, sikufichi. Ulikuwa unaivaa hata kwenye karai la mihogo, na wateja wakaanza kukuita kamanda.

Idd pili ile, baada ya alasiri, maji yalikuwa yamejaa na yameanza kutoka, na pale kwenye mlango wa mwamba yanavyovuta unapajua. Binti mmoja wa Manzese, Neema, alichukuliwa. Ulipuliza filimbi, ukakimbia, ukaingia. Mie nilikuwa juu ya mchanga na daftari la mahudhurio. Nilikuona ukipita kifuani, ukipita shingoni, na nikajua hasa ni hatua gani miguu yako iliacha mchanga. Ulimwendea uso kwa uso, wakati kwenye zile picha tuliambiwa mtu anayezama usimwendee mbele, atakukumbatia. Akakukumbatia. Yule bwana anayekodisha matairi ya ndani alimfikia Neema akamnyakua. Wewe walikuleta karibu na magharibi. Walikushika miguu, wakakuinamisha kichwa chini ili maji yatoke, wakakubinyabinya tumbo. Nami niliyekandamiza mto siku nzima, niliyehesabu kwa sauti, nilisimama tu. Nina hasira na nafsi yangu mpaka leo, na nina hasira na wewe pia. Kwa nini hukumtupia hata dumu?

Neema huja kumwamkia Mama kila Idd. Anakaa jikoni, anamenya vitunguu, anaondoka jioni. Mwaka jana nilimuuliza kilichompeleka mbele vile wakati hajui maji. Hakuniangalia usoni. Alisema, "Dada, niliona ile fulana. Nikasema hapa hata nikizidiwa, yupo mtu."

Maneno hayo nimelala nayo mwaka mzima. Tulidhani fulana inalinda watu, kumbe inawaita. Na aliyeivaa inamdanganya naye. Mtu aliyekuwa akiogopa maji ya shingo akishavalishwa fulana anaona haya kuogopa.

Kwa hiyo wiki hii nilifanya ubishi wangu. Hawa tisa nao wamepata siku mbili zilezile. Jana niliwaita saa ya maji kujaa. Yule bwana wa matairi akakaa kwenye mtumbwi na matairi yake mawili, akafunga dumu tupu kwa kamba na jiwe, likaelea mahali ambapo hata mrefu hagusi chini. Nikawaambia kila mmoja alizunguke arudi. Watatu walizunguka wakarudi. Wawili walirudia njiani wameshika tairi. Waliobaki waliishia kifuani wakasema leo mawimbi mabaya. Mmoja wao, Shabani, baba wa watoto wawili, mikono yake mizuri ajabu, anapiga maji kama wewe. Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nikazamisha uso, nikafumbua macho.

Miguu ilikuwa inatembea.

Nilipoinuka alikuwa ananitazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Sista, usiniandike vibaya. Nitajifunza." Nilitoka majini, nikaenda kukaa nyuma ya kibanda chako cha zamani, nikalia kama mtoto.

Usidhani Mzee Ngonyani ni mtu mbaya. Zile fulana amezihangaikia yeye, kabisha hodi kila ofisi mpaka soli zikaisha. Nilipomwambia nitasaini majina matatu tu, na sita wabaki nchi kavu na filimbi na madumu ya kamba bila fulana, aliinuka kwanza. Kisha akanionyesha ufukwe wote kwa mkono, mwisho hadi mwisho, akaniuliza watatu hawa watasimama wapi. Akasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Akasema mtu akizama Idd mahali ambapo ningeweza kuweka mlinzi, nitamjibu nini mama yake.

Jibu nalitafuta tangu jana, kaka. Huenda mmoja kati ya hao sita angemfikia mtu na kumrudisha. Si kila anayezama yuko penye kina. Huenda hofu yangu ndiyo itakayoua mtu safari hii, na mie nitakuwa nimekaa na karatasi safi. Hilo nalijua. Lakini kila nikishika kalamu niandike jina la Shabani naona ile miguu, na siwezi.

Kesho asubuhi nampelekea majina matatu. Fomu mpya nimeshaitunga, neno kuoga nimelitoa, na mafunzo yajayo nitaangalia maji kabla ya kuangalia kalenda, mgeni aaibike asiaibike.

Kisha nikalifungua jalada la zamani, nikaitoa fomu yako. Ina doa la mafuta pembeni, wino umefifia kidogo. Pale nilipoandika miaka ishirini na tisa nimepiga mstari, na chini yake nimeandika kwa mwandiko uleule kilichotakiwa kuandikwa siku ile jikoni: Haogelei. Anatembea. Abaki nchi kavu.

Nimekutangaza, Hamadi. Nimechelewa, unisamehe.

Mdogo wako niliyekula andazi lako,
Zuhura