Karatasi Mbili, ya Wanu na ya Mama Yake

Mkunazini,
Unguja.
14 Februari, 1959

Mpendwa kaka yangu Mwalim,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Nasikia baridi ya Kigoma ni kali alfajiri. Mwambie Bi Mwanakheir akuchemshie tangawizi. Sisi huku tu wazima, ila goti langu linazichukia ngazi za nyumba hii.

Barua yako niliipata. Ulinambia mjane wa marehemu ndugu yetu Hasan akifika kutoka Maskati, nimchukue mtoto, yeye aende zake. Sikufanya hivyo, kaka. Nisikilize kwanza, kisha unihukumu.

Zuwena na Wanu walifika kwa meli Jumatatu. Mtoto alizaliwa Kizimbani, siku zile baba yake akifanya kazi shamba la Serikali, na cheti chake ninacho mimi. Ni raia wa Seyyid, Sultani wetu. Mama yake ni raia wa Maskati, na pasi yake imekwisha muda. Wakaambiwa mtoto ateremke, mama angoje melini mpaka shauri lake likatwe, na meli inaondoka Alkhamisi. Wanu ana miaka tisa sasa. Alilishika buibui la mama yake, asiliachie. Wakabaki melini wote wawili.

Jumatano tuliitwa ofisini, mimi na Zuwena. Afisa alikuwa mtu mpole. Aliniuliza jambo moja tu: mama akirudishwa, nitaweza kumlea mtoto?

Kaka, unajua Mungu hakunijaalia mtoto. Unajua nilivyolia Zuwena alipomchukua Wanu kwenda naye kwao, na maneno niliyomtolea siku ile. Swali hilo nilikuwa nikilitamani miaka mitatu. Na palepale nikafahamu kwamba nikisema naweza, Zuwena hana tena njia ya kushuka. Nikisema siwezi, nimesema uongo.

Nikamjibu, "Kumlea nnaweza, bwana. Lakini tangu juzi mnauliza habari za mtoto, na mtoto yuko kwao, hakumkimbia mtu. Aliyekimbia ni huyu. Mwulizeni amekimbia nini."

Kisha karani akamsogezea Zuwena kiti.

Alieleza kwa sauti ndogo. Kijiji chao kiko chini ya mlima. Ndege za mabomu zilikuja siku tatu mfululizo, mfereji wa maji ukabomoka, mitende ikakauka. Ndege zilikuwa za nani hakusema, wala hakuulizwa. Kaka yake alikuwa na wale wapiganaji wa mlimani wanaompinga Sultani wa kule, naye Zuwena alikuwa akimpelekea mikate. Kaka yake alipokamatwa, waliomkamata walimwambia Zuwena kuwa anayefuata ni yeye. Siku ya pili akamshika Wanu mkono, wakaondoka kwa miguu.

Afisa aliandika kurasa nne. Alkhamisi asubuhi tukapewa karatasi mbili. Ya Wanu inasema hana dai la ukimbizi, kwa kuwa amerudi kwao. Ya mama yake inasema asirudishwe, kwa hofu yake mwenyewe, wala si kwa sababu ya mtoto. Ruhusa ni ya mwaka mmoja, na mdhamini ni mimi. Mwakani tutaitwa tena, na sijui watasemaje.

Hatujapatana sana. Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya zamani; yeye akaendelea kuchagua mchele. Lakini jana jirani yetu Bi Kidawa alimwuliza amefikia kwa nani. "Kwa wifi yangu," akasema. Sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake tangu tumzike Hasan.

Ukiwa na hasira, nikasirikie mimi. Yeye mwandikie salamu tu, zitamtosha.

Nisalimie Bi Mwanakheir na Abrahman wenu. Shemsa wa jirani na mama yake wanakusalimu. Mungu akupe afya, akufungulie kila lililofungwa.

Mdogo wako akupendaye hata alipokuasi,

Kazija